Saitimira Imeruka Tena!

Jamani, wenzangu wa magari ya plastiki ya kuunda, hivi vipande vinavyoruka huwa vinakwenda wapi? Unakata saitimira kutoka kwenye fremu yake, koleo linalia tak!, kitu kimeshahamia sayari nyingine. Bodi haipotei. Matairi hayapotei. Ni kile kidude cha gari la 1/24 (dogo mara 24 kuliko gari halisi), kidogo ajabu, tena cha kromu, tena hakina akiba! Unatambaa na tochi mpaka magoti yaombe talaka. Ukikipata (mguu ndio hukipata) ukakibandika, mvuke wa supaglu unapaka dirisha ukungu mweupe. Dirisha lililokuwa safi! Na stika za maji, zile za kuloweka kwanza ndipo ubandike? Zinajikunja, zinagandana, zinakunyoosha wewe. Halafu mtu anapita, anauliza: “Linatembea?”