Antonio Brown hakutemwa kwa utovu wa nidhamu

Jumamosi ya Septemba 7, 2019, zikiwa zimebaki siku mbili tu kabla ya mechi yao ya kwanza ya msimu, Oakland Raiders, klabu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, walimtema Antonio Brown. Hakuwa amewachezea hata mechi moja ya ligi. Kila mchambuzi akaimba wimbo uleule: kipaji kikubwa, kichwa kibovu, yamemkuta. Mpaka leo ukilitaja jina lake kwenye kundi lolote la watu wanaofuatilia NFL utajibiwa hivyo hivyo.

Mimi nabisha. Simtetei tabia yake, maana Brown alikuwa msumbufu, tena wa daraja la kwanza. Ila kilichomwondoa Oakland ni barua ya faini na kifungu kimoja cha mkataba. Usumbufu alikuwa nao siku zote, na siku zote alipata wa kuuvumilia.

Kwa sisi tuliolelewa na Simba, Yanga, Gor na AFC, hapa inabidi kwanza tuelewane kuhusu mikataba. Kwenye soka, mchezaji wa miaka mitatu ukimwacha baada ya mwaka mmoja bila sababu ya msingi, unamlipa stahiki zake au mnakutana FIFA. Klabu kadhaa za huku kwetu zimewahi kufungiwa usajili kwa madeni ya watu ambao mashabiki walishawasahau. NFL mambo ni tofauti kabisa. Ukisikia fulani kasaini dola milioni 50, hiyo ni namba ya kupamba habari. Pesa ya kweli ni ile iliyoandikwa kwamba ina dhamana. Nyingine yote klabu inaweza kuifuta asubuhi yoyote na dunia ikaendelea.

Na wakati wa kufuta ni huo huo, kabla msimu haujaanza. Kambi za mazoezi hufunguliwa Julai kila klabu ikiwa na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti lazima wabaki 53. Klabu ziko 32. Piga hesabu mwenyewe: watu zaidi ya 1,100 wanapoteza nafasi zao, na wengi wao hawajawahi kuchelewa mazoezi wala kumjibu kocha vibaya. Baadhi huokotwa na klabu nyingine au kurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, waliobaki wanafungasha. Kwa wakongwe kuna jambo la ziada. Mchezaji mwenye misimu minne na kuendelea, akiwa bado kikosini ligi inapoanza, kwa kawaida ana haki ya kudai mshahara wa msimu mzima hata akiachwa baadaye. Kwa hiyo klabu yenye mashaka na mkongwe huyamaliza mashaka yake mapema.

Sasa turudi kwa Brown. Alizaliwa Miami mwaka 1988, na baba yake, Eddie Brown, baadaye akawa nyota wa ligi ya futiboli ya ndani ya ukumbi. Chuo cha Central Michigan hakikumwita kwa ufadhili. Aligonga hodi mwenyewe. Mwaka 2010 klabu zilipochagua vijana wa vyuoni, Pittsburgh Steelers walimchukua raundi ya sita, wa 195. Wachezaji 194 walionekana bora kuliko yeye. Kazi yake ilikuwa ya mpokeaji, yaani yule anayetimka pembeni ya uwanja, anamhadaa beki kwa miguu na kuidaka pasi ndefu. Hakuwa mrefu wala mnene. Ila miguu yake! Kuanzia 2013 hadi 2018 alidaka pasi zaidi ya 100 kila msimu, misimu sita mfululizo. Mwaka 2015 pekee alidaka 136 kwa yadi 1,834. Kuna namna alivyokuwa akiidaka ile mipira ya pembeni kabisa, mwili wote uko nje lakini vidole vya miguu yote miwili vimegusa nyasi ndani ya mstari, ambayo hata asiyejua sheria za mchezo huo angeinuka kitini.

Na Pittsburgh walikuwa wanamjua. Januari 2017, baada ya kuwatoa Kansas City Chiefs kwenye mtoano, Brown aliwasha simu na kurusha moja kwa moja kupitia Facebook kutoka chumba cha kubadilishia nguo, kocha Mike Tomlin akisikika nyuma akiwaponda wapinzani wao wajao, Patriots, kwa lugha isiyofaa. Tomlin alikasirika hadharani, akasema atashughulikiwa. Mwezi uliofuata Brown akapewa mkataba mpya uliomfanya mpokeaji anayelipwa kuliko wote. Ndiyo adhabu hiyo. Msimu huo alidaka pasi 101.

Mwisho wa 2018 alikorofishana na wenzake, akakosa mazoezi, akawekwa nje mechi ya mwisho. Hapo Steelers wakachoka. Machi 2019 walimpeleka Oakland kwa malipo ya haki mbili za kuchagua vijana, ya raundi ya tatu na ya tano, huku wakibaki na mzigo wa dola milioni 21 kwenye hesabu za ukomo wa mishahara yao (kiwango cha juu ambacho ligi inaruhusu klabu kutumia kwa wachezaji) kwa mtu ambaye hayupo tena. Mtu aliyetoka kufunga tachidauni 15 (yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), nyingi kuliko mpokeaji yeyote msimu ule, akauzwa bei ya nyanya za jioni. Raiders waliona walichokiona Pittsburgh. Walisoma magazeti yale yale. Wakampa miaka mitatu, zaidi kidogo ya dola milioni 50, takriban milioni 30 zikiwa na dhamana.

Julai na Agosti zikawa sarakasi. Alifika kambini Napa kwa puto la hewa ya moto. Kisha akaweka Instagram picha ya nyayo zake zimebabuka, ngozi imekaa kama maganda, kwa sababu aliingia kwenye chumba cha tiba ya baridi kali bila viatu vinavyostahili. Mpokeaji aliyefunga kuliko wapokeaji wote kaungua miguu kwa baridi, mwezi wa kiangazi! Kwa kuwa msimu ule kamera za HBO zilikuwa zinairekodi kambi hiyo kwa ajili ya kipindi, kila kituko kilikuwa na hadhira.

Halafu helmeti. Hili watu walilicheka sana na mimi sikulicheka. Brown alikuwa akivaa Schutt AiR Advantage kwa miaka yake yote, toleo ambalo kiwanda kilishaacha kulitengeneza, na helmeti iliyopita miaka kumi haithibitishwi tena kuwa salama. Akafungua malalamiko, akashindwa. Akaingia Twitter kuomba mwenye helmeti ya aina hiyo iliyotengenezwa 2010 au baadaye amletee, atampa ya mazoezi ya Raiders yenye saini yake. Ndiyo, ni kichekesho. Lakini huyu ni mtu ambaye Januari 2016 alipigwa kichwani na Vontaze Burfict wa Cincinnati Bengals akalala pale uwanjani, akakosa mechi iliyofuata kwa mtikisiko wa ubongo. Mtu anayeishi kwa kugongwa kichwa kushikilia kofia anayoiamini, hilo naliona ni la kibinadamu kuliko yote aliyoyafanya mwezi ule. (Wako wanaosema tabia zake zote zilianzia kwenye pigo lile. Sijui kutibu watu kupitia runinga, kwa hiyo hapo napita.)

Ilipofika Septemba 4, Brown aliposti barua ya meneja mkuu Mike Mayock iliyomtoza faini ya karibu dola 54,000 kwa kukosa mazoezi. Siku hiyo hiyo wakakutana uwanjani, maneno yakawa makali, wachezaji wakaingilia kumzuia Brown. Mmoja wa waliomshika, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, alikuwa Burfict, ambaye naye alishahamia Raiders. Maisha haya! Ijumaa Brown akaomba radhi mbele ya timu nzima, kocha Jon Gruden akawaambia waandishi kwamba Jumatatu atacheza. Usiku ule ule Brown akarusha YouTube video yenye sauti ya mazungumzo yake ya simu na Gruden, kocha akimsihi aache hayo mambo acheze mpira, naye akijibu kwamba yeye ni mtu, si mchezaji tu. Gruden hakuonekana kukasirika.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Radhi imepokelewa, kocha yuko tayari kumpanga. Kama kosa lingekuwa nidhamu, lilishamalizwa mbele ya wenzake. Kilichokuja baadaye ni barua ya pili: faini ya dola 215,073.14 kwa mwenendo wa kuidhuru klabu. Kwa mtu kama Brown faini hiyo si kitu. Ila kifungu cha mkataba kilisema adhabu ya aina hiyo ikitolewa, dhamana inakufa. Zaidi ya dola milioni 29 zikaota mbawa kwa karatasi moja. Klabu ilikuwa bado inamtaka acheze, sasa kwa mshahara usio na uhakika, wa kupimwa wiki hadi wiki. Brown akaandika Instagram kuomba aachwe, na saa chache baadaye wakamwacha.

Nikiwa upande wa Raiders ningefanya hivyo hivyo, nakiri. Ninachokataa ni kuliita somo la maadili.

Maana kabla jua halijazama huko Marekani, New England Patriots, klabu iliyosifiwa kuliko zote kwa nidhamu, ilikuwa imeshakubaliana naye mkataba wa mwaka mmoja wa hadi dola milioni 15, bonasi ya kusaini milioni 9. Wapo wanaodai alipanga yote ili afike kwa Tom Brady, mrusha pasi wao maarufu. Sina hakika mtu anapanga kutupa milioni 29 ili apate 15, lakini kwamba soko lilimpokea siku ile ile, hilo halina ubishi.

Na siku tatu baadaye likaja jambo ambalo kwangu ndilo lilikuwa zito tangu mwanzo. Mwanamke aliyewahi kuwa mkufunzi wake wa mazoezi alifungua kesi mahakamani akimtuhumu kwa ubakaji. Brown alikanusha, na mwaka 2021 wakamalizana nje ya mahakama, kwa hiyo hakuna hukumu ya kunukuu. Lakini tazama ligi ilivyoenda. Kuhusu helmeti walimbana wiki kadhaa. Kuhusu tuhuma hii, siku tano baadaye alikuwa uwanjani Miami akidaka pasi nne na kufunga tachidauni moja, Patriots wakishinda 43-0. Waliachana naye Septemba 20, baada ya kuripotiwa kwamba alimtumia ujumbe wa vitisho mwanamke mwingine aliyemlalamikia, na wadhamini wakiwa wameshaanza kujitoa.

Ukidhani hadithi iliishia hapo, kamuulize Bruce Arians, aliyekuwa kocha wa Tampa Bay. Kocha huyu alishasema hadharani kwamba Brown hawafai. Oktoba 2020 akamsajili, akaapa kwamba akikosea mara moja tu anaondoka. Februari 2021 Brown akafunga kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, Tampa wakawapiga Chiefs 31-9. Desemba mwaka huo ligi ikamfungia mechi tatu kwa kudanganya kuhusu chanjo ya korona. Mara moja hiyo, au siyo? Lakini mpokeaji mwenzake, Chris Godwin, alikuwa amechanika goti, Tampa hawana watu. Brown akarudishwa na mechi ya kwanza tu akadaka pasi 10. Wiki iliyofuata, Januari 2, 2022, akavua jezi katikati ya mechi na New York Jets, akaondoka kifua wazi akiwapungia mashabiki. Yeye anasema alilazimishwa kucheza na kifundo kibovu; Arians anasema hakuambiwa. Vyovyote iwavyo, kufikia hapo uvumilivu ulikuwa umepimwa kwa idadi ya pasi kwa miaka mitano kavu.

Watu hupenda kuniuliza, basi klabu ifanye nini na fundi mtukutu? Jibu liko kwenye kambi ile ile ya Napa. Darren Waller alifungiwa mara mbili akiwa Baltimore Ravens kwa matumizi ya dawa za kulevya, mara ya pili msimu mzima wa 2017. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyokaribia kufa ndani ya gari, jinsi alivyoingia nyumba ya tiba, jinsi alivyofanya kazi ya kupanga bidhaa dukani huku wenzake wakicheza. Ravens walipomrudisha, walimweka kikosi cha mazoezi. Raiders wakamchukua kutoka huko mwishoni mwa 2018, karibu bure.

Simfanyi malaika, na najua alikuwa na bahati ambayo Brown hakuwa nayo: hakuna aliyekuwa amemwekea milioni 30 mezani, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka naye. Alipewa mwaka mzima wa kuwa mtu wa kawaida. Brown tangu 2013, kila alipokuwa na klabu, karibu hakuwahi kupewa hata wiki, kwa sababu kila wiki ya kumweka pembeni ilikuwa na gharama kwenye ubao wa matokeo, na ilikuwa nadra kocha kuwa tayari kuilipa.

Jumatatu ile Raiders waliwafunga Denver Broncos 24-16 bila Brown. Waller alidaka pasi saba. Oktoba akaongezewa mkataba, na msimu ulipoisha alikuwa na pasi 90 na yadi 1,145, mpokeaji wao namba moja.