Ushahidi wa kuwapo kwa Yesu: tuanze na Yakobo

Wakristo na Waislamu hutofautiana kwa mengi kuhusu Yesu, lakini kwamba aliishi hawabishani. Akitokea mtu wa tatu akasema hata kuishi hakuishi, watetezi wengi hukimbilia Josephus, mwanahistoria Myahudi aliyeandika huko Roma mwaka 93 au 94, na husoma kile kifungu kirefu cha kitabu cha 18 cha historia yake ya Wayahudi. Naomba tuache kuanzia hapo.

Kifungu hicho kinamtangaza Yesu kuwa ndiye Kristo, na kwamba siku ya tatu aliwatokea wafuasi wake akiwa hai. Mtu asiyekuwa Mkristo haandiki hivyo. Origen, mwanazuoni Mkristo wa karne ya 3, alimsoma Josephus na akasema wazi kwamba hakumkubali Yesu kuwa Kristo. Wa kwanza kunukuu kifungu kizima ni Eusebius, askofu na mwandishi wa historia ya Kanisa, karne ya 4. Wataalamu wengi wanaona kuna kiini cha Josephus mwenyewe ambacho mnakili Mkristo alikitia chumvi. Nami naona hivyo, ila ushahidi unaohitaji kuchujwa kwanza hauwekwi mbele.

Sentensi fupi ya kitabu cha 20 ina nguvu zaidi. Ni mwaka 62. Festo, liwali wa Kirumi wa Yudea, amefariki, na Albinus, wa kumrithi, bado yuko njiani. Kuhani Mkuu Ananus anatumia mwanya huo kuitisha baraza, na watu kadhaa wanapigwa mawe, mmoja wao Yakobo, ndugu wa Yesu “aitwaye Kristo”. Ananus akavuliwa cheo baada ya miezi mitatu tu. Yesu anatajwa kwa kupita, ili tujue ni Yakobo yupi, na “aitwaye Kristo” hutuonyesha ni Yesu yupi, maana jina Yesu lilikuwa la kawaida na Josephus anawataja akina Yesu wengi. Mkristo wa kupachika sifa asingetosheka na “aitwaye”. Tena Josephus ni mzaliwa wa Yerusalemu, mwaka 37, kwa hiyo anasimulia kisa cha mji wake alipokuwa kijana wa miaka kama 25.

Yakobo huyohuyo yumo katika Wagalatia 1:18-19, barua ya miaka ya 50 hivi ambayo hata wataalamu wasioamini wanakubali ni ya Paulo. Paulo alikaa na Kefa, yaani Petro, Yerusalemu siku 15, na mwingine aliyemwona ni Yakobo, ndugu wa Bwana. Hapo anajitetea kwamba injili yake hakufundishwa na watu, kwa hiyo kukutana na hao wawili hakumsaidii. Anataja kukutana huko kwa sababu kulitokea, na anaapa mbele za Mungu kwamba hasemi uongo.

Wapinzani husema “ndugu wa Bwana” ni muumini yeyote. Basi wafungue 1 Wakorintho 9:5, ambapo Paulo anawataja mitume wengine, ndugu wa Bwana, na Kefa. Kama kila muumini ni ndugu wa Bwana, Kefa ametengwa nao kwa nini? Jibu la kuridhisha sijaliona. Wakatoliki husema hao walikuwa binamu; sawa, kwa swali hili haibadiliki kitu, kwani mtu wa kubuni hana binamu wa kukutana na Paulo. Ufufuo ni suala jingine, na mistari hii haiuthibitishi.

Tacitus, mwanahistoria Mrumi, mnamo mwaka 116, anamtaja Kristo aliyeuawa chini ya Pontio Pilato. Atumiwe kwa kiasi, kwa kuwa huenda habari hizo zilitoka kwa Wakristo wenyewe. Tena anampa Pilato cheo cha prokuratori, ilhali jiwe lililochimbuliwa Kaisaria mwaka 1961 linamwita prefekti, cheo kingine cha liwali wa Kirumi.

Jiwe hilo linajibu pia wanaouliza mbona hakuna aliyemwandika Yesu alipokuwa hai. Pilato alitawala Yudea miaka 10 hivi, kuanzia mwaka 26, akiwa na askari na sarafu zake, na kumbukumbu za ofisi yake hazikutufikia. Tumebaki na waandishi wachache, sarafu, na jiwe hilo moja, nalo lilikuwa limegeuzwa kipande cha ngazi katika ukumbi wa michezo. Anayedai kwamba fundi wa Nazareti angeacha zaidi ya hapo, atuonyeshe kwanza fundi mwingine yeyote wa Galilaya ya wakati ule ambaye habari zake zimeandikwa na watu wengi kuliko za Yesu.