Gesi ya Buku Inauzwa Wapi?

Jamani, mimi sina ugomvi na miti. Ila kila nikifungua redio nakuta bwana mwenye sauti ya kushiba anatuhimiza tuache mkaa: uchumi ukue, jamii istawi, mazingira yapone. Vyote vitatu, na vyote vitoke kwenye hiihii hela yangu ya kibarua!

Mkakati wa serikali wa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunatumia nishati safi ya kupikia. Naafiki kabisa, maana kifua cha mama watoto nakisikia usiku kucha. Lakini muulizeni yule bwana: gesi ya buku inauzwa wapi? Mkaa napimiwa. Nikiwa na elfu moja, Mama Nuru wa hapo kona ananipa kopo. Nikiwa sina, ananiandika kwenye daftari. Mtungi wa kilo 6 haujui daftari. Unataka hela yote, siku ileile, tena una akili ya kuisha tarehe 25!

"Si upikie umeme," ananiambia shemeji yangu, anayeishi nyumba yenye geti. Umeme upi? Sisi wapangaji saba, LUKU moja. Siku jirani alipoonekana na jiko la presha la umeme, kikao kiliitishwa usiku huohuo. Aliyefoka kuliko wote ni yule mwenye friji.

Halafu kuna Songosongo, hapo ndipo ninapochoka. Gesi yetu wenyewe, tangu 2004 inakuja Dar es Salaam kwa bomba kuzalisha umeme. Ya kwenye mtungi inaletwa na meli kutoka nje. Dola ikipanda huko, maharage yangu huku hayaivi.

Siku hizi, eti, kuna mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kidogo kidogo. Nikasema sasa wametukumbuka. Juzi maji yamechemka, mama watoto ametia unga, ndio anashika mwiko aanze kusonga, salio likakata. Na kwenye simu sina hata mia. Mtoto nikamtuma mbio kwa Mama Nuru. Akarudi mikono mitupu: lori la mkaa limekamatwa njiani, halina kibali.

Tukala hivyohivyo. Mdogo akachovya kidole, akauliza, "Baba, huu ni uji au ugali?"

Nikamwambia, "Kula, hiyo ni nishati safi."