Rumba ya kuhesabu na rumba ya Ngamiani

Msimu wa harusi ukianza hapa Tanga, walimu wa dansi hupata kazi. Kamati ikishamalizana na ukumbi, chakula na MC, hubaki suala la maharusi kufungua muziki, na siku hizi watu hawataki kuona wawili wanayumbayumba tu huku wapiga picha wakiwazunguka. Anatafutwa mwalimu. Anafundisha rumba: moja, mbili, tatu, nne, mguu huku, zunguka, mkono juu. Kazi hiyo sina ugomvi nayo, ni riziki ya mtu. Kinachoniudhi ni pale anapowaambia vijana kwamba hiyo ndiyo rumba yenyewe, na ile wanayocheza wazee wa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, ni ya mtaani, haina ufundi.

Angeijua historia ya hicho anachofundisha, asingethubutu kusema hivyo. London zamani ilicheza rumba ya boksi, miguu ikichora mraba sakafuni. Bingwa wa kuifundisha mjini humo alikuwa Mfaransa, Pierre Zurcher-Margolle, maarufu kwa jina la Monsieur Pierre, akishirikiana na Doris Lavelle. Mwaka 1947 Pierre akaenda Kuba. Mjini Havana mcheza dansi aitwaye Pepe Rivera akamwonyesha kwamba hatua zake hazikai panapotakiwa: Wakuba walikuwa wakianza kukanyaga kwenye pigo la pili, la kwanza wanaliacha lipite. Mtu mwingine angerudi akanyamaza, maana nani kule London angemshtukia? Yeye alirudi akabadili mafundisho yake, akaenda tena Kuba mara nyingine, akazozana miaka na walimu wenzake waliong'ang'ania boksi. Mwishowe mtindo aliorudi nao ndio uliokubalika katika mashindano ya kimataifa.

Yaani hiyo rumba inayoitwa ya kitaalamu ilinyooshwa na watu waliokuwa wakiicheza bila kitabu. Halafu mwalimu wetu anamnyoosha mzee!

Nikisema hivi, wapo watakaonirukia wakidai basi tufundishe asili tupu. Asili ipi? Rumba ya Kuba ya asili ni ya ngoma na waimbaji, na katika mtindo wake uitwao guaguancó mwanamume na mwanamke hawashikani hata kidogo: bwana anamchokoza, bibi anajikinga kwa sketi na kumkwepa. Ile ya mashindano imetoka zaidi kwenye bolero na son, muziki mwingine wa Kuba uliouzwa nje kwa jina la rumba kwa sababu jina lilikuwa linauzika. Son hiyohiyo ndiyo iliyotufikia sisi kwa santuri za GV, mfululizo wa kampuni ya HMV, zilizoanza kuletwa Afrika miaka ya 1930, ikawakolea Wakongo, ikamkolea Salum Abdallah wa Morogoro hata bendi yake akaiita Cuban Marimba. Wala santuri hizo hazikukuta uwanja mtupu. Miji ya pwani ilikuwa tayari na vilabu vya dansi, watu wamevaa suti wakicheza waltz na foxtrot za Kizungu. Kwa hiyo hata hao wazee wetu ninaowatetea wana damu ya dansi ya Kizungu miguuni. UNESCO iliitambua rumba ya Kuba mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021, na sidhani kama kuna aliyedai mojawapo ni ghushi.

Kwangu mimi suala halijawahi kuwa nani wa kale zaidi. Ninachouliza ni nani anayetoa amri: muziki au hesabu.

Wimbo wa dansi wa Atomic Jazz au Jamhuri Jazz, bendi zilizoupa mji huu jina, una mwenendo wake. Unaanza taratibu, mwimbaji anatoa kisa chake, na wawili wanashikana, hatua fupi, mabega yametulia, kazi yote iko kiunoni na magotini. Hakuna anayejua beti zitakwisha lini kwa sababu ukumbini bendi ikinogewa inarudia. Kisha magitaa yanachanganya, tunaingia kwenye chemko, sehemu ya kasi, na hapo wanaachiana, kila mtu anajimwaga anavyojua, ila macho hayaachani. Mwanamume anayejua kucheza utamwona anamwandaa mwenzake kabla chemko halijafika. Ameshasikia gitaa la pili linabadilika. Kipimo cha ujuzi hapo ni sikio. Na mwanamke hafuati kama gari linalovutwa, anajibu, na akiona mwenzake amechelewa anamchelewesha zaidi kwa makusudi, watu wacheke.

Hilo halimo katika moja-mbili-tatu-nne. Rumba ya mashindano huchezwa pole, mizunguko 25 hadi 27 ya mapigo manne ya muziki kwa dakika, goti limenyooka mwili unapokanyaga, mikono imekunjuliwa ionekane hadi kwa jaji aliyekaa mbali. Imetengenezwa kutazamwa, na kwa kutazamwa ni nzuri, mimi mwenyewe huitazama nikaisahau chai. Lakini nimeona bwana harusi aliyefundishwa hivyo akiganda katikati ya ukumbi kwa sababu DJ aliweka wimbo uleule kwa toleo refu. Hatua zake zilikwisha, wimbo ukabaki. Shangazi mmoja akamwambia mwalimu aliyekuwa pembeni akihesabu kwa vidole: "Mwalimu, mwanangu, unahesabu nini? Muziki si huo hapo!" Mwalimu akacheka, "Kweli, shangazi," akaendelea kuhesabu.

Tango, dansi ya Argentina, nayo ina mkasa uleule. Buenos Aires watu huombana kwa macho, wanakumbatiana, wanazunguka ukumbi kinyume cha mshale wa saa wakitunga hatua palepale. Iliyopita Uingereza ikarudi na vichwa vinavyokatwa ghafla kushoto na kulia. Na tusiende mbali, Mdumange, ngoma ya Wasambaa, ukiupandisha jukwaani kwa dakika chache lazima uupange mistari, uwageuze wachezaji wawatazame watazamaji. Kikundi kikisema wazi kwamba hiki ni cha jukwaani, nani atalalamika?

Mfumo wa Kizungu una faida ambayo wazee wetu hawanayo: umeandikwa. Mtu asiye na sikio kabisa anapata pa kuanzia, anajifunza kusimama wima na kutokanyaga gauni. Wazee nao, tuseme ukweli, ni walimu wabovu. Ukimwomba mzee akufundishe atakwambia "tazama", kisha anakupita.

Kwa hiyo maharusi wanaotaka hatua za kupigia picha, wamlipe mwalimu na wafurahi. Anayetaka kujifunza rumba yetu amjaribu mwalimu kabla ya kutoa hela: awekewe wimbo mrefu wa dansi asioupanga, acheze na mama yeyote aliyepo pale, bila kuongea. Mama huyo ndiye aulizwe baadaye kama hela itolewe.