Inhela ya Nikotini: Mkono Unatulizwa, Mfuko Je?

Inhela ya nikotini, kifaa cha kuwasaidia wanaotaka kuacha sigara, hubishaniwa kwa sababu ile ile inayowafanya wengine waipende: humwachia mvutaji kitu cha kushika na kupeleka mdomoni. Wanaoipinga hudai kwamba tabia haiachwi kwa kuigizwa, na kwamba kubadilisha chanzo cha nikotini si kuacha uraibu.

Hoja hiyo ina uzito, ila inapuuza jinsi kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Ni kijibomba cha plastiki kinachotiwa katriji yenye miligramu 10 za nikotini, ambapo takriban 4 ndizo hutoka na karibu 2 tu ndizo huingia mwilini. Nikotini hiyo hufyonzwa zaidi mdomoni kuliko mapafuni, tena polepole, kwa hiyo haifiki ubongoni kwa ile kasi ya sekunde chache inayoifanya sigara iwe ngumu kuachika. Hakuna kinachoungua, basi hakuna lami wala kaboni monoksidi. Anayeivuta kwa nguvu kama shisha ataambulia kikohozi na kuwashwa koo. Hupasa kuvutwa kidogo kidogo, kwa dakika 20 hivi, bila kahawa wala soda katika dakika 15 za kabla yake, kwani asidi hupunguza ufyonzwaji. (Ni maelezo ambayo mtu asipoyauliza dukani huenda asiyapate, maana kwa wengi inhela ni ya pumu.)

Utafiti umeonyesha kwamba dawa za nikotini, za aina zote, huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60, ingawa wengi wanaozitumia bado hurudi kuvuta. Plasta ya nikotini ikiunganishwa na dawa ya kutuliza arosto haraka, kama vile chingamu au inhela, hufaa zaidi kuliko dawa moja peke yake.

Kwangu mimi, hata hivyo, ubishi wa mkono na mdomo si mzito hapa Nairobi kama ule wa gharama. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza pakiti zenye sigara chini ya 10, lakini mchuuzi wa stendi ya matatu hufungua pakiti na kuuza moja moja, kiberiti kikiwa pembeni. Inhela haiuzwi hivyo: hutakiwa katriji 6 hadi 16 kwa siku, kwa muda wa hadi wiki 12, kabla ya kuanza kupunguza. Makanga au bawabu anayelipwa kwa siku atawezaje kugharimia hayo?

Kanuni za mwaka 2014 ziliwataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku wachangie asilimia 2 kwa ajili ya udhibiti wake, na Mahakama ya Juu ikaziidhinisha mwaka 2019. Fedha hizo zikielekezwa kwenye tiba, ningeanza na plasta na chingamu, zilizoingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, kisha inhela iwafuate wale ambao, hata wakiwa na plasta begani, vidole vyao bado hutafuta sigara.