Sindano ya ganzi haichomi ugwe wa mgongo
Ndugu mhariri, makala yenu kuhusu ganzi ya mgongoni wanayopewa akina mama kabla ya upasuaji wa kujifungua inasema kwamba sindano huingia kwenye ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo ndani ya uti wa mgongo. Kauli hiyo imenisikitisha, kwani ndiyo hofu inayowafanya wengi waikatae. Kwa mtu mzima ugwe huo, wenye urefu wa takriban sentimita 45, haufiki mwisho wa uti wa mgongo, bali kwa kawaida huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, mara nyingi kati ya pingili ya tatu na ya nne, mahali palipobaki mishipa ya fahamu tu, iliyoning'inia ndani ya majimaji kama singa za mkia wa farasi, na ambayo kwa kawaida husogea sindano inapopita. Kuhusu maumivu ya mgongo baada ya kujifungua, ambayo mmeyabebesha sindano peke yake, msiisahau misuli: ile ya tumbo iliyotanuka kwa miezi mingi, na ile mirefu inayopanda pande zote mbili za uti wa mgongo, ambayo ilibeba uzito wa mimba na sasa inafanya kazi kila mama anapomwinamia mtoto. Naomba kauli ile isahihishwe.