Kuchora Kwanza au Kuanzia Kwenye Kivinjari?

Wabunifu wa tovuti wana ubishi usiokwisha. Kazi mpya ikija, uichore kwanza kwenye programu ya usanifu hadi kila ukurasa ukamilike, au uanze kuandika msimbo na kuijenga palepale kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome)? Wanaochora huwaona wenzao kama mafundi wasio na jicho la urembo. Wanaojenga nao huwacheka wachoraji kwamba wanauza picha. Pande zote mbili zina hoja, ila kwangu mimi hazilingani uzito.

Zamani ubishi huu haukuwepo. Mbunifu alichora ukurasa mzima kwenye Photoshop, programu ya kuhariri picha, mara nyingi kwa upana wa pikseli 960, mteja akaukubali, kisha picha ikakatwakatwa na kugeuzwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Mambo yalikwenda kwa sababu wasomaji wengi walikuwa mbele ya kompyuta. Simu zilipoingia, utaratibu ukavunjika. Mwaka 2010 mbunifu wa tovuti Ethan Marcotte aliandika kuhusu ukurasa unaojirekebisha kulingana na skrini, na tangu hapo hakuna upana unaoweza kuitwa ndio wenyewe. Programu za kuchorea nazo zikabadilika: Sketch ilitoka mwaka huohuo kwa watumiaji wa Mac pekee, na Figma ikafunguliwa kwa umma mwaka 2016 ikifanya kazi ndani ya kivinjari.

Sifa ya Figma, kwa maoni yangu, si kuchora bali kuchora pamoja. Watu kadhaa wanaingia kwenye faili moja, kila mmoja anaona kishale cha mwenzake, na rangi ya kitufe ikibadilishwa mahali pamoja inabadilika kwenye kurasa zote. Mteja asiyejua lolote kuhusu CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, anaweka maoni yake juu ya kitu chenyewe anachokilalamikia. Zaidi ya hayo, wazo bovu linafutwa kwa sekunde chache. Kulifuta baada ya kuliandikia msimbo siku nzima kunauma, na mtu akishalitolea jasho hulitetea hata kama anajua halifai. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za wachoraji, na sijasikia anayeijibu vizuri.

Kuna jingine ambalo sisi wa upande wa kivinjari hatupendi kulikiri: anayebuni kwa msimbo huishia kubuni kile anachojua kukiandika. Bootstrap, mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ilipotolewa na watu wa Twitter mwaka 2011, iliokoa muda wa wengi, lakini haikuchukua muda tovuti zikaanza kufanana kama ndugu wa tumbo moja. Picha kubwa juu, visanduku vitatu chini yake, kitufe cha bluu. Ukurasa mtupu wa kuchorea haukusukumi huko.

Tatizo ni kwamba mchoro hudanganya, tena hudanganya pale panapouma. Chukua kadi, kile kisanduku cha habari moja kwenye ukurasa: picha juu, kichwa cha habari, maelezo mafupi, kitufe. Kwenye mchoro kichwa kina maneno manne na kinatosha mstari mmoja, kwa hiyo kadi imepewa kimo cha pikseli 320. Ukizipanga nne kwa mstari, zinapendeza. Sasa tia maudhui halisi. Kichwa cha kadi ya pili kina maneno kumi na moja, kinashuka mistari mitatu na kukisukuma kitufe nje ya kadi. Kadi ya tatu haina picha, kwa kuwa aliyeandika habari hakuwa nayo. Kisha anakuja msomaji aliyekuza maandishi hadi asilimia 200, jambo ambalo WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, unataka liwezekane bila ukurasa kupoteza kitu, na maneno yanapandana. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoonekana kwenye mchoro, kwa sababu ulijazwa maneno yaliyochaguliwa yatoshe.

Kwenye kivinjari kadi hizohizo zinaanza kwa kanuni badala ya kipimo. Tangu CSS Grid, sehemu ya CSS inayopanga vitu kwa gridi, ilipoingia kwenye Firefox, Chrome na Safari mwezi Machi 2017, unaweza kuandika agizo moja tu: zipange kadi, kila moja isipungue pikseli 256, nafasi inayobaki zigawane sawasawa. Skrini ya pikseli 360 inapata kadi moja kwa mstari, ya 600 inapata mbili, ya 1,200 inapata nne, na kimo kinafuata maneno yaliyomo. Hukuchora hata hali moja kati ya hizo. Ni uamuzi wa kisanifu kabisa, ila hauchoreki.

Wachoraji watanijibu kwamba Figma ina mpangilio unaojirekebisha tangu mwaka 2019. Kweli, na umepunguza uongo mwingi. Lakini huo ni uigaji. Hautakuonyesha fonti inayochelewa kufika mtandao ukiwa dhaifu, wala kibodi ya simu inayofunika nusu ya fomu. Vivinjari vinaonyesha. Chrome inakuruhusu kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi na kuutazama ukurasa kama mtu asiyetofautisha rangi. Firefox inakuchorea mistari ya gridi juu ya ukurasa wenyewe. Vyote viwili vinapima utofauti kati ya maandishi na mandhari yake, ambao kwa maandishi ya kawaida unatakiwa usipungue 4.5 kwa 1. Ile rangi ya kijivu #999999 inayopendwa sana kwenye michoro haifiki hata 3 kwa 1 ikiwekwa juu ya nyeupe. #767676 inapita, tena kwa kuponea chupuchupu.

Suala la umiliki nalo lisisahaulike. Septemba 2022 Adobe, kampuni yenye Photoshop, ilitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20, na mpango ukafutwa Desemba 2023 baada ya kukwama kwa wasimamizi wa ushindani wa Umoja wa Ulaya na Uingereza. Kwa zaidi ya mwaka mzima, mwenye kazi zake zote huko hakujua atakuwa chini ya nani. Penpot, programu huria ya kuchorea unayoweza kuiweka kwenye seva yako, ni kimbilio zuri ingawa nyongeza zake, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, bado ni chache. Faili la HTML, kwa upande wake, linafunguka kwenye kihariri chochote cha maandishi.

Kwa hiyo ningechora, ila kidogo: rangi, fonti, mwonekano wa ukurasa mmoja, na sehemu mbili tatu zinazosumbua akili. Baada ya hapo ni kivinjari. Timu kubwa zenye bidhaa nyingi zina udhuru wa kuchora zaidi, maana kwao faili la michoro ndilo linalowaunganisha watu wasiokaa ofisi moja.

Kigumu ni mkataba. Mingi bado inadai michoro ya kurasa zote iidhinishwe kabla ya ujenzi kuanza, na mteja akishasaini picha, kila tofauti ya pikseli tano inakuwa kosa lako. Afadhali mkataba useme ataidhinisha mwonekano wa jumla kwanza, kisha kiungo cha ukurasa unaofanya kazi, aufungue kwenye simu yake mwenyewe. Wapo watakaong'ang'ania picha ya kuweka kwenye ripoti. Hao wape, ila uipige kutoka kwenye ukurasa uliokwisha kujengwa.